Chupa ya Dawa ya Waridi na Mboga za Wakwe

Mkinisikia nikicheka wakati kisa hiki kinasimuliwa arusini, au hata matangani (maana kwetu Kabras matanga nayo huwa na watu wake wa kuchekesha), msidhani aibu imenitoka. Mimi ndiye yule mwanamke aliyesimama katikati ya sebule ya baba yake, mbele ya wakwe waliotoka Lugari wamevaa suti, akatangaza kwa sauti ya mnada kwamba chakula kina sumu. Ndiyo, ni mimi Rodah. Mpaka leo nikienda sokoni Malava kununua nyanya kuna mama mmoja lazima aniulize kama nimezionja kwanza. Na jambo lenyewe lilianza na ugonjwa wa majani ya maua, tena maua yasiyokuwa yangu.

Maua ni ya mama. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alipostaafu alisema amechoka kuangalia mahindi na miwa maisha yake yote, sasa anataka kupanda kitu ambacho hakiliwi. Akapanda waridi mistari miwili kutoka langoni mpaka mlango wa mbele, nyekundu upande mmoja na nyeupe upande wa pili, na akaipenda ile mistari kuliko alivyotupenda sisi (huo ni utani, lakini si utani sana). Sasa, barabara inayopita kwetu ndiyo ya matrekta ya miwa yanayoenda kiwandani Butali, na kukikauka siku mbili tu, vumbi linaruka linakaa kwa majani. Mama hakuweza kulivumilia. Kila jioni alichukua mkebe wake aliotoboa matundu, akawa anapita ua baada ya ua akiyamwagia maji kichwani. "Nayaogesha," alikuwa akisema. "Mtoto halali na vumbi."

Mwaka jana mdogo wangu Mercy akapata mchumba, kijana wa Lugari anaitwa Elphas, na ikapangwa kwamba watu wa Elphas waje kwetu Jumamosi fulani kuzungumza mambo ya ng'ombe wa mahari. Mimi nimeolewa upande wa Sigalagala, na kazi yangu ni ushonaji, nikafunga cherehani nikaja nyumbani wiki mbili mapema kusaidia matayarisho. Siku ya kwanza tu, nikiingia langoni, nikaona yale maua yamekuwa mifupa. Majani ya chini yalikuwa yameanguka yote, na yaliyobaki yalikuwa na madoa meusi ya mviringo, kingo zake zimechanikachanika, na kuzunguka doa jani limekuwa njano. Ukiligusa linaachia tawi. Mama alikuwa amesimama pale na mkebe wake, na nilipomuuliza akasema hajui, kadiri anavyoyaogesha ndivyo yanavyozidi kuugua. Hapo ndipo woga wa kwanza uliponishika, woga mdogo wa kijinga: wakwe wataingia hapa, watapita katikati ya maua yenye upele, watasema hii ni nyumba ya namna gani.

Nikachuma majani matatu, nikayafunga kwa gazeti, nikayapeleka Malava kwa duka la agroveti, linalouza dawa za mimea na mifugo. Anayeuza pale ni dada mmoja mpole anaitwa Linet, mtu aliyesomea mambo ya mimea. Akaligeuza jani, akaliangalia juu na chini, akaniuliza, "Haya maua mnayanyunyizia maji namna gani?" Nikamweleza habari ya mama na mkebe. Akacheka kidogo.

"Basi mama ndiye analisha ugonjwa," akasema. "Hii ni ukungu, inapenda jani likilala na maji. Na hapa kwetu msimu huu mvua inanyesha kila alasiri, halafu jioni mnaongezea ingine."

Akanipa masomo pale pale kaunta, na mimi nikasikiliza kama mtu anayeandika mtihani: niokote kila jani lililoanguka, maana ugonjwa hulala humo chini ukingoja tone la mvua liurushe tena juu, na nisiyatie kwenye mbolea bali niyachome; nikate matawi yaliyosongamana katikati upepo upite; maji yamwagwe shinani, asubuhi, majani yasiguswe; na dawa nipulize asubuhi mapema kabla jua halijakuwa kali, juu ya jani na chini yake, nimevaa glavu na nimejifunga mdomo, halafu nirudie baada ya siku kumi hata kama nitaona yamepona. Akanipa chupa ndogo. Nikiwa tayari niko mlangoni akaniita.

"Dada, dawa ikae kwa chupa yake. Usihamishe. Hiyo lebo ndiyo daktari atasoma kukitokea shida."

Nikamwitikia sawa sawa. Na kweli masomo yote niliyafuata isipokuwa hilo la mwisho, na asiyesikia la mkuu mnajua guu lake huwa namna gani.

Nilianza kazi kesho yake. Nilipata ugomvi kidogo na mama juu ya kuogesha, akaona kama ninamwambia hajui kulea, lakini mwishowe akakubali kumwaga maji shinani, shingo upande. Tukaokota majani, tukapogoa, nikapuliza dawa. Sasa ile chupa nilikuwa nimeifungua kwa meno (kwa meno, ndiyo, dawa yenye picha ya fuvu, msiniulize zaidi), na kifuniko kikapasuka, dawa ikaanza kuvuja. Nikaangaza macho nikaona chupa tupu ya soda, ya plastiki, haina kifuniko. Nikaimimina humo ile dawa iliyobaki, ikafika kama robo, nikakata kipande cha gunzi la mahindi nikaiziba, nikaiweka juu ya rafu katika stoo iliyo kando ya jikoni. Ile chupa ndogo iliyopasuka, pamoja na lebo yake, nikaitupa kwenye moto wa majani. Nikapangusa mikono nikajiona mtu msafi sana.

Kama wewe ni wa huku umeshaona shida iko wapi. Kama si wa huku, ngoja nikueleze. Kwetu mboga za kienyeji, kunde na mrenda hasa, hazipikwi kwa chumvi ya dukani peke yake. Kuna musherekha. Unachoma maganda ya maharagwe yaliyokauka, unachukua jivu, unalitia maji, unachuja polepole, na yale maji yanayodondoka yana rangi ya chai ya rangi, na ndiyo yanayolainisha mboga mpaka babu asiye na jino anaomba aongezwe. Kila jiko la Kabras lina chupa ya musherekha. Chupa ya soda, kuukuu, iliyozibwa kwa gunzi. Na dawa yangu ilikuwa na rangi gani? Ya chai ya rangi.

Ijumaa jioni akafika senje wangu Felista, yaani dada ya baba, ambaye katika ukoo wetu ndiye bingwa wa mboga, hakuna sherehe inayopikwa bila yeye. Alikuwa na mafua mabaya, pua imeziba kabisa, anapumua kwa mdomo, lakini Senje hata akiwa na malaria atakuja apike. Asubuhi ya Jumamosi akaingia jikoni na hakuna aliyemsumbua.

Wageni walifika saa sita, watu kumi na wawili. Msemaji wao alikuwa mjomba wa Elphas, mzee mrefu anaitwa Mzee Barasa, mtu wa kusimama wima na kuzungumza kama anasoma ripoti. Na walikuja na nyanya yao, Kukhu, mwanamke mwenye mwili mdogo, mzee sana, anatembea kwa fimbo. Alipita katikati ya waridi akasimama, akaligusa ua moja jeupe (majani yalikuwa machache lakini masafi, machipukizi mapya hayakuwa na doa hata moja), akasema, "Hapa kuna mtu anajua kutunza." Mama akainama kwa furaha. Mimi nikafurahi mpaka nikasahau kwamba nina miguu.

Chakula kikaletwa. Obusuma, yaani ugali, ingokho, yaani kuku, wa mchuzi, wali kwa wale wa wali, na bakuli kubwa la kunde zilizochanganywa na mrenda. Nikawanawisha mikono, baba akaombea, wakaanza. Mercy, kwa sababu bibi arusi haketi na wageni kabla hajaitwa, alikuwa chumbani na shangazi wengine, na sahani yake ikapelekwa huko. Nilipoona kila mtu amepata, nikaenda stoo kuchukua vikombe vya chai. Nikainua macho kwenye rafu.

Kulikuwa na chupa moja iliyozibwa kwa gunzi. Moja, na imejaa. Na dawa yangu ilikuwa robo.

Nikaichukua ile iliyojaa, nikatoa gunzi, nikanusa. Jivu. Hiyo ilikuwa musherekha, haijaguswa. Nikapapasa rafu yote, nyuma ya debe la mafuta, chini ya magunia, nikapiga magoti nikaangalia sakafuni. Hakuna ingine. Nikatoka nikaenda jikoni, na sauti yangu nikaisikia ikitoka nyembamba kama si yangu.

"Senje, kwa mboga ulitia musherekha gani?"

"Ire irikuwa kwa rafu," akasema (wazee wetu r na l huzibadilisha), anakoroga chai, pua imeziba. "Kwani iko nini, Loda? Chumvi imezidi?"

"Ilikuwa imebaki kiasi gani?"

"Nirimimina yote, sufuria ni kubwa. Chupa nikawashia moto."

Nataka niwaambie vile woga unavyokuwa, maana kabla ya siku ile nilidhani naujua. Masikio yakaziba, nikawa naona mdomo wa Senje unasema kitu na sisikii. Nilitaka kumwambia, lakini nilijua nikimwambia Senje atapiga nduru, na nduru ya Senje inasikika mpaka mto ulipo. Nikageuka nikatoka. Miguu ikanipeleka chumbani kwa Mercy. Alikuwa ameketi kitandani na gauni lake nililomshonea, amekata tonge la kwanza, analichovya kwenye mboga. Nikamnyang'anya ile sahani mkononi.

"Usikule mboga," nikamwambia. "Imeingia mchanga."

"Mchanga? Na wageni?"

"Wao walipakuliwa ya juu," nikasema. Sijui uongo ule ulitoka wapi, ulikuja wenyewe ukiwa umevaa viatu. Shangazi wengine walikuwa wanakula nyama na wali, mboga hawakuwa wameigusa. Nikaondoka na bakuli lao.

Nikasimama mlangoni pa sebule, nimeshika bakuli. Walikuwa wanakula, jamani. Walikuwa wanakula vizuri. Mzee Barasa alikuwa anasifu kuku, Elphas anacheka na binamu zake, na Kukhu, ambaye hana meno ya nyama, alikuwa ameiacha ingokho yote kando akawa anakula mboga na mboga tu. Na mimi niliyekuwa najua, nikanyamaza.

Nilikuwa nafanya hesabu. Nikisema, ni sisi tuliowalisha. Huku kwetu neno sumu halitamkwi ovyo. Nyumba ikishasemwa kwamba wanawake wake hulisha watu vitu, hakuna anayekuja kuoa hapo tena, na anayesemwa wa kwanza huwa ni mama wa nyumba. Nikaona mama yangu, mwalimu mzima, anapita sokoni na watu wanavuta watoto wao. Nikamwona Mercy anarudishiwa picha zake, uchumba umevunjika. Halafu nikaanza kujidanganya: dawa ilikuwa robo chupa tu, sufuria ni kubwa, moto umeiunguza, Linet hakusema inaua watu, alisema inaua ukungu, na mtu si ukungu. Nikaingia nikashika lile bakuli kubwa mezani nikasema naenda kulipasha moto.

"Wacha tu hapo, mama," akasema Mzee Barasa, ameliwekea mkono. "Kukhu bado anaendelea."

"Niongeze kidogo, mwanangu," akasema Kukhu, ananyoosha sahani. "Hii mboga iko tamu. Nirikuwa nimesahau musherekha ya kweri."

Nikamwongeza. Nawaambia kwa sababu nimeshaanza kusema. Mkono wangu huu ulishika mwiko ukampakulia yule mama mzee, ukampakulia kidogo, kana kwamba kidogo hakiui. Akamaliza, akaomba tena, nikampakulia tena. Mrenda ukamwagika kwa kitambaa cha meza, na Kukhu akanifuta kidole changu kwa leso yake akasema nisijali, vitambaa hufuliwa. Kisha akaegemea kiti. Akafumba macho. Kichwa kikalegea, kikaanguka kifuani.

Sikumbuki kufungua mdomo. Nakumbuka tu sauti.

"Msikule! Hiyo mboga iko na sumu! Nimewaua!"

Mzee Barasa alitema tonge juu ya kitambaa cha mama cha kushonwa kwa mkono. Kiti kikaanguka, kisha kingine. Watu walitoka kwa ule mlango kama maji ya mfereji uliozibuliwa, na kwa sababu njia ni moja walijikuta katikati ya waridi, wanaume sita wenye suti, kila mmoja ameinamia ua lake, vidole kooni. Elphas alikuwa anatapika kwenye zile nyeupe. Senje akasikia neno sumu, akatoka jikoni na mwiko, na ile nduru niliyoihofia ikapigwa. Majirani wakaanza kuingia. Mtu mmoja (simtaji, ni jirani) akaanza kusema kwa sauti kwamba yeye alijua tu.

Nilimpigia Linet simu, spika imefunguliwa, watu wamenizunguka. Nikamweleza huku nalia.

"Usiwatapishe," akasema mara moja. "Mtu yeyote asitapishwe, na msiwape kitu. Wapelekeni hospitali sasa hivi. Mbebe na lebo. Lebo inasema ni dawa gani?"

"Niliichoma."

Nikamsikia akifungua daftari lake la mauzo.

"Nilikuambia," akasema polepole. "Haya, waambieni hivyo huko. Nami nitaangalia hapa dukani niliuza gani, niwapigie."

Gari la wageni likarudishwa nyuma mpaka mlangoni. Kukhu, ambaye kelele ilikuwa imemwamsha (alikuwa amesinzia tu, kama wazee wanavyosinzia wakishashiba), akashikwa mikono na wajukuu wawili. Akakataa kuinuka. Akauliza anapelekwa wapi, akaambiwa hospitali, amelishwa sumu. Akafikiri.

"Kama ni kufa, nimeshashiba," akasema. "Niacheni nifie kwa kiti kizuri."

Na muda huo wote baba yangu alikuwa amesimama ukutani ameinua mkono. Baba ni mzee wa kanisa, hawezi kuzungumza mtu mwingine akizungumza, hata nyumba ikiungua atangoja zamu. Alikuwa ameinua ule mkono, nadhani, tangu kilio changu cha kwanza. Mwishowe mama akamwona. "Baba Rodah, una nini?"

"Ire chupa ya Loda," akasema baba, "si iko kwa zizi."

Watu wote wakamgeukia.

"Nirienda stoo Ijumaa mchana kutafuta kamba, nikaona chupa imeandikwa hapana kitu. Nikanusa. Nikasema hii siyo ya jikoni. Nikaipereka kwa zizi, nikaifunga juu kwa mti na waya." Akashusha mkono. "Niritaka kusema mapema, lakini mlikuwa mnaongea."

Elphas mwenyewe ndiye aliyekimbia zizini, mdomo haujafutwa. Akarudi nayo. Robo chupa, gunzi langu lile lile, na waya umezungushwa shingoni mara tatu. Senje akaiangalia, akaniangalia mimi.

"Mimi nirireta musherekha yangu mbiri," akasema. "Moja nikapika, moja nikaacha kwa rafu iwe ya mama yako. Si ungeuriza, mwana wewe? Uriniuriza imebaki kiasi gani, hukuuriza ni ya nani."

Nilimpigia Linet tena, nikamwambia, na nikamsikia akikaa chini. Mzee Barasa alikuwa bado amesimama kando ya waridi jekundu na tai yake begani. Akarekebisha sauti yake ile ya ripoti.

"Kwa hivyo hatufi?"

"Hamfi," akasema baba.

Ni Kukhu aliyeanza kucheka, mle ndani, peke yake kwenye kiti kizuri, na kicheko chake kikatoka mlangoni kikawapata wengine mmoja mmoja. Mama akaleta maji na sabuni. Wanaume wakanawa nyuso, wakarudi ndani, na mazungumzo ya ng'ombe yakaenda haraka kuliko nilivyowahi kuona, maana watu waliotapika pamoja hawana tena cha kuringiana. Wakakubaliana. Mercy akaitwa, akatoka na gauni lake, wakapiga picha mbele ya yale maua. Mimi nilijificha nyuma ya tangi la maji, lakini Kukhu akasema sharti niwepo, na kwenye ile picha mimi ndiye niliyevimba macho.

Hapo ndipo kila mtu humalizia kisa hiki, na kinachekesha, hata mimi naona kinachekesha. Lakini wageni walipoondoka, jua bado liko juu ya miwa, tulikuwa nyuma ya jiko mimi na Mercy tukisugua sufuria. Halafu Mercy akasema, bila kuniangalia:

"Mchanga, uliniambia."

Nikachota jivu jingine la kusugulia.

"Ulikuja chumbani ukanitoa sahani mkononi. Wakati huo ulikuwa unajua."

"Nilidhani najua."

"Ni hivyo hivyo. Halafu ukarudi kule. Ukapiga kelele baada ya muda gani?"

"Dakika kumi," nikasema. "Labda zaidi."

"Na Kukhu aliongezwa mara ngapi?"

"Mbili."

"Nani alimpakulia?"

Nilisugua ile sufuria pale ambapo ilikuwa imeshang'aa. Mercy akaweka sufuria yake chini, akapangusa mikono kwa lile gauni jipya, jambo ambalo mtu hafanyi.

"Hao ndio watu wangu sasa, Rodah," akasema. Akainuka akaenda ndani.

Hatukugombana, msidhani. Arusi ilifanyika, nilishona kila kitu, na maua ya mama siku hiyo yalikuwa na majani mpaka chini, kwa sababu nilirudia dawa baada ya siku kumi kama nilivyoambiwa, na mama hajawahi tena kuyaogesha. Dawa yangu siku hizi inakaa kwa chupa yake yenye lebo, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na jikoni, na ukinipa chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi nitakurudishia bila kuipokea. Hiyo ni nadhiri nyepesi, mtu yeyote anaweza kuishika. Nadhiri nyingine niliyoweka ni kwamba nikijua jambo nitalisema hapo hapo, kwa wote, kabla sijaanza kuchagua ni nani wa kuokoa na ni nani wa kungojeshwa, na hiyo bado sijajaribiwa nayo, na naogopa siku itakayokuja.

Nikienda Lugari kumtembelea Mercy, Kukhu husema mboga apakuliwe na mimi, hataki mwingine. Nami kabla ya kumpa huchota kidogo nikaonja mbele yake. Kukhu hucheka mpaka machozi, na nyumba nzima hucheka naye. Mercy hacheki.